Rosa binti Pazi, Aliyeushikanisha Unga wa Muhogo

Wasifu wa marehemu, ulioandikwa na kusomwa na mdogo wake, Benedikto bin Pazi, Kinole, Alhamisi tarehe 10 Agosti 1916

Wakwe zetu mliotoka Mgeta tangu siku za ugonjwa, majirani, watani, nanyi mliopanda kutoka mjini kwa miguu, poleni sana. Nitasoma upesi. Si kwamba dada yangu hana ya kusemwa, anayo mengi. Ila wote tunajua wapagazi wanavyokusanywa siku hizi. Msiba ukisikika tu, askari wameshajua wanaume wako wapi. Kwa hiyo ninyi mliokaa kule kwenye migomba bakini huko huko, mtanisikia, sauti Mungu kanijalia. Mzee Dadi yuko pale juu anaangalia njia ya Morogoro. Akikohoa msiulize kuna nini, shukeni bondeni. Kufukia tutafukia sisi wenye vyeti vya misheni, pamoja na wazee na akina mama.

Marehemu Rosa alizaliwa hapa hapa Kinole. Mwaka haukuandikwa na mtu. Padre aliyembatiza alimtazama kutoka juu mpaka chini akasema 1883, nasi tukaukubali, nani angebisha? Mama yetu alikuwa na hesabu yake: alisema ni mwaka ule nguruwe walipomaliza mashamba, watu wakaanza kupanda muhogo mchungu pembezoni, ambao nguruwe akiung'ata mara moja harudi. Binadamu naye haugusi hivi hivi. Lazima uvundikwe majini mpaka ulainike na kunuka, ndipo uanikwe makopa na kutwangwa. Huo ukiliwa bila kuvundikwa unaua. Hapa hayupo asiyejua hilo, na Rosa alilijua kabla hajajua kujifunga nguo.

Alijua pia sheria ya mama: mpishi ndiye wa kwanza kula, tena mbele ya wageni, ili asiwepo wa kutia shaka. Alipokuwa mdogo aliipenda sheria hiyo kupita kiasi. Kwenye arusi ya shangazi yetu alipewa kazi ya kulinda mitungi ya pombe. Akaonja mtungi wa kwanza. Akasema hana hakika, akaonja wa pili. Walimkuta amelala, kichwa kimo ndani ya ungo, na alipoamshwa akasema, "Yote ni salama, mama." Watani, najua hilo mlikuwa mkilingoja. Chekeni, lakini polepole.

Alianza masomo misheni ya Matombo, akabatizwa mkesha wa Noeli mwaka 1898. Kusoma alikuwa mwepesi. Kuandika alikuwa mvivu. Barua zake zote niliziandika mimi, naye akinisimamia begani na kunisahihisha, mimi mwalimu wa dini mzima. Mwaka 1900 masista wa mjini walimchukua jikoni kwao, na huko ndiko alikojifunza mkate wa ngano. Aliupenda unga ule. "Unga wa ngano una adabu," aliniambia. "Ukiuvuta unakuja, ukiuacha unakungoja."

Jikoni kwa masista ndiko alikomwona Paulo, kijana wa Mgeta aliyekuwa akileta viazi ulaya kwenye tenga. Paulo kila akija alisahau kitu: leo kamba, kesho kofia, keshokutwa tenga lenyewe, ili apate sababu ya kurudi. Sista mkubwa akamwambia Rosa, "Huyu siku moja atasahau kichwa chake hapa." Walifunga ndoa tarehe 4 Julai 1904. Paulo akaja kukaa kwetu, upande wa mke, kama desturi yetu ilivyo, na mama akampenda kuliko alivyonipenda mimi. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Veronika na Tekla.

Mwaka 1907, reli ilipokuwa inaingia Morogoro, Paulo alikuwa akibeba mataruma ya kulazia reli. Moja likateleza likamvunja mguu wa kushoto. Ukaungwa vibaya, ukabaki mfupi. Kutembea alitembea, lakini kwa kujivuta, na mlima kwake ulikuwa adhabu. Wakahamia mjini, upande wa Msamvu, kwenye ardhi tambarare. Ninausema sana mguu huu kwa sababu tangu siku ile dada yangu hakufanya jambo lolote bila kujiuliza kwanza: na Paulo je?

Tangu mwaka 1910 Rosa alikuwa mkandaji katika tanuri la mikate lililolisha wagonjwa na askari. Mkubwa wa tanuri alikuwa Mjerumani mfupi, mwekundu, ambaye watu walimwita Bwana Tanuri. Hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mwoga, na mwoga mwenye madaraka, jamani, heri anayepiga ukajua moja. Vita vilipoanza Agosti 1914 meli zikakatika, na katikati ya mwaka uliofuata unga wa ngano ukaisha kabisa. Wakati huo huo wanaume wakaanza kukamatwa kubeba mizigo ya jeshi, mzima na mgonjwa. Aliyeachwa ni mwenye cheti tu. Paulo alikuwa nacho, kwa kuwa alikuwa akipasua kuni za tanuri, kazi aliyoweza kuifanya ameketi.

Bwana Tanuri akawakusanya wote uani. "Ngano hakuna," akasema. "Muhogo upo. Mkiweza mkate wa muhogo, tanuri linabaki. Msipoweza ninalifunga, na wanaume wote wa tanuri wanakwenda na msafara. Nawapa mpaka Jumapili."

Rosa alikuja kwangu jioni ile, wakati ule nikifundisha dini mjini, hata hakuketi. Nikamwambia, "Dada, unahangaika nini? Unga ni unga." Aliniangalia kama mimi ninavyowaangalia watoto wasiojua Baba Yetu.

Basi nikaja kujua kwamba unga si unga. Unga wa muhogo ni mweupe, ni laini, unanukia vizuri, na hauna undugu hata kidogo. Aliutia maji baridi akaukanda kama ngano, ukamomonyoka kama mchanga. Akaongeza maji kidogo, kidogo tu, mara ukageuka: ukiupiga mgumu, ukiuacha unatiririka mezani. Akautia wote maji ya moto, ukawa gundi, tukamkwangua vidole kwa kisu. Akatia yai. Akatia ndizi mbivu. Akatia machicha ya pombe ili uumuke, ukaumuka kweli, ukapasuka, ukaingia tanurini mkate ukatoka kokoto. Paulo alizila kokoto zile zote akisema ni tamu, mpaka jino likamvunjika, na bado akasema ni tamu.

"Usinidanganye," Rosa akamwambia.

"Sikudanganyi. Jino lenyewe lilikuwa bovu."

Ilipofika Ijumaa alikuwa hali, halali. Mwaisha, mwenzake aliyekuwa akichekecha unga, yule pale amejitanda kaniki, anasema Rosa alikuwa akikanda hewa: ameketi, mikono mitupu, vidole vinakwenda. Akimwita haitiki. Nilikwenda kumwona nikamkuta amezifunua nguo za Paulo, anachagua zipi zitafaa njiani, halafu anazirudisha sandukuni kwa hasira, halafu anazitoa tena. Nami nilitishika. Paulo na mlima wapi na wapi? Na njia ya msafara ilikuwa inakwenda kusini, yote ni vilima na mabwawa.

Ndipo Mwaisha alipomshika mkono akampeleka kwa Leela, mke wa Mhindi mwenye duka la nguo. Mwaisha alikuwa akimtwangia mchele mama huyo, na alikuwa amemwona akifanya chapati za unga wa mchele, unga ambao nao hauna undugu. Leela hakuwaingiza jikoni, dini yao haitaki, jambo ambalo Mwaisha amelinunia mpaka leo. Lakini alilitoa jiko la mkaa uani, akapanga vyombo vyake, akamuuliza Rosa, "Wewe kanda baridi?"

"Baridi, na moto pia, mama. Vyote havikushika."

"Hapana yote moto, hapana yote baridi. Unga hii mwenyewe hapana jua kushika. Kwanza pika kidogo. Halafu hiyo kidogo shika ingine."

Akachemsha maji yenye chumvi na mafuta. Yalipotokota akamwaga fungu dogo la unga, akakoroga mara moja tu, akafunika, akaepua. Alipofunua, ule uji ulikuwa umeiva, unang'aa, unavutika. Akaanza kuutia unga mkavu konzi kwa konzi na kuukanda ungali wa moto, kwa kitako cha kiganja, si kwa vidole, mkono umepakwa mafuta. Rosa akatia mkono wake, akautoa mbio. Leela akacheka. "Ikipoa, basi kwisha," akamwambia. Rosa akaurudisha mkono. Alikanda huku machozi yanamtoka, na unga ukaanza kukusanyika, ukaacha sinia, ukaacha vidole, ukawa donge moja. Wakalifunika kwa kitambaa kibichi, maana likipigwa na upepo linapasuka. Rosa alipolifunua baadaye na kulibonyeza, likashuka, likarudi. Alimkumbatia yule mama, dini haitaki, na Leela akakumbatiwa.

Jumamosi akajaribu na machicha ya pombe, mikate midogo midogo, maana mikubwa ilikuwa haiivi kati. Jumapili Bwana Tanuri akaja. Hakutaka mkate kwanza, alitaka donge. Akalishika kwa vidole viwili viwili akaanza kulivuta. Paulo alikuwa amesimama nyuma na shoka lake, amejinyoosha kwa nguvu zake zote ili mguu usionekane mfupi. Donge likavutika, likavutika, mpaka likawa jembamba kama sikio la mbuzi, ndipo likakatika. Kisha Rosa akaumega mkate uliookwa, akala yeye kwanza mbele ya wote. Bwana Tanuri naye akala. Akasema, "Haya," akaenda zake.

Mtadhani dada yangu alipumzika sasa. Thubutu! Kila asubuhi ilikuwa Jumapili ile ile. Mvua ikinyesha unga unavuta unyevu, hesabu ya maji inaharibika. Jua likiwaka donge linakauka juu. Akawafundisha wakandaji wote namna ile ya Leela, ili hata akiugua tanuri lisifungwe. Nilimwambia apunguze wasiwasi, Mungu yupo. Akasema, "Mungu yupo, na Bwana Tanuri naye yupo." Kila siku kabla ya kuugusa unga alikuwa akipita kwenye kuni, anamgusa Paulo bega, ndipo anaingia kazini. Paulo alizoea, akimwona anakuja anainamisha bega bila kuacha kupasua.

Nifike sasa mahali pagumu, na shemeji Ahmadi, kaka yake Paulo, naomba univumilie.

Mwezi wa Novemba mwaka jana ghala lilikuwa tupu, na amri ikatolewa kwa watu wa bonde moja walete makopa mara moja. Sitalitaja bonde hilo. Waliogopa, na mtu aliyetishwa anavundika saa ngapi? Waling'oa muhogo wa pembezoni, ule wa kufukuzia nguruwe, wakaumenya, wakauanika juani ukiwa mbichi vile vile. Jumatatu tarehe 15 makopa yakafika: meupe, mazuri, hayana harufu. Bwana Tanuri akafurahi mno. Rosa akayanusa, akayanusa tena. Makopa ya muhogo mchungu yasiyonuka, wenyewe mnajua maana yake.

Hakusema kwa kukisia. Alitwanga konzi chache, akapika uji, akakanda, akaoka mkate mmoja mdogo, akaula yeye kwanza kama sheria ilivyo. Haukupita muda kichwa kikaanza kumzunguka, akatapika, miguu ikamlegea. Mwaisha alimlaza kwenye magunia akamnywesha maji mpaka akapata kauli. Alipoweza kusimama, akaenda kwa Bwana Tanuri huku anashika ukuta.

"Bwana, makopa haya hayakuvundikwa. Yataua watu."

"Wewe umekula na hujafa."

"Nimekula kipande, nami ni mzima. Mgonjwa atakula mkate, na kesho atakula mwingine."

"Leo jioni wagonjwa wanangoja, na askari wanapita. Oka."

"Bwana, nipe siku nitafute muhogo mwingine. Nitakwenda mwenyewe mpaka kwetu Kinole."

"Sina siku!" Mwaisha anasema hapo Mzungu yule aligeuka kuangalia mlango kama anayefuatwa. "Mikate jioni. Bila mikate nafunga, na wanaume wanakwenda kesho. Mumeo pia. Unaelewa?"

Alielewa. Nani angeelewa kuliko yeye? Alirudi akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Kutoka pale, mlango ukiwa wazi, kuni zinaonekana. Paulo alikuwa akipasua na kupiga mluzi, hana habari. Rosa akamtazama, akamtazama, mpaka Mwaisha akaogopa akamwita. Angeweza kukataa tu na kwenda nyumbani. Lakini mkandaji mwingine angewekwa mahali pake, na wote alikuwa amewafundisha, na donge lingeshikana vizuri kabisa. Akasimama. "Mwaisha," akasema, "nishikie upande huu wa gunia." Wakaburuta magunia moja baada ya jingine mpaka mtoni, mto ulikuwa umejaa kwa mvua za vuli, wakayamwaga yote.

Bwana Tanuri hakumfunga. Aliogopa kuulizwa na wakubwa wake makopa yamekwenda wapi. Alilifunga tanuri tu, kama alivyoahidi, na vyeti vikachukuliwa.

Rosa hakumwachia mtu mwingine amwambie mumewe. Nilikuwepo, nimekwenda kuwatembelea, nikayasikia kwa masikio yangu. "Paulo," alisema, "nimeyamwaga. Kesho watakuchukua."

Paulo aliuangalia mguu wake. Mimi nilidhani atapiga kelele. Ningekuwa yeye ningepiga. Akauliza, "Uliyaonja wewe?"

"Niliyaonja."

"Ukatapika?"

"Nikatapika."

"Basi ulifanya vizuri kumwaga." Kisha akamwomba amfunge mguu kwa kitambaa kigumu, kutoka kifundo mpaka goti, na Rosa akamfunga, akafungua, akafunga upya, mpaka Paulo akasema inatosha, damu itapita wapi.

Tarehe 16 Novemba 1915 Paulo aliondoka na msafara kuelekea Kisaki, amebebeshwa mzigo kama mtu mwenye miguu miwili. Rosa alikwenda kando yake mpaka askari akamrudisha. Neno la mwisho Paulo alilomwambia ni hili: "Kwenye vilima nitachelewa. Usihesabu siku." Rosa akarudi Kinole kwa mama na mabinti, na siku alizihesabu, atake asitake.

Mwezi wa Mei mwaka huu Salehe, kijana wetu wa hapa, alirudi kutoka msafarani akiwa mgonjwa. Rosa alifika kwao kabla hata hajavuliwa nguo za safari. Salehe akamwambia alimwacha Paulo mbele ya Kisaki, amekaa kando ya njia.

"Amekaa vipi? Kichwa kimeinama au kiko juu?"

"Kiko juu, dada. Aliniita kwa jina."

"Na mzigo wake?"

"Mzigo walikuwa wamempa mtu mwingine."

Waliotembea na misafara wanajua maana ya mtu kukaa kando ya njia na mzigo wake kupewa mwingine. Msafara haumngoji. Rosa alipolisikia akasema, "Basi wamempumzisha," akatoka nje. Nilimfuata. Alikuwa ameshika mti wa mgomba kwa mikono miwili, nikamwacha.

Mwezi wa Juni shemeji Ahmadi alikuja na wazee wa Mgeta kuweka matanga ya ndugu yao, na kutaka mjane anyolewe nywele, kama inavyostahili. Hawakukosea, ni haki yao. Rosa aliwapikia, akala kwanza mbele yao, akawapakulia. Alipomaliza akapiga magoti akasema, "Shikamoo shemeji. Mnyoeni aliyefiwa. Mimi nimechelewewa."

Ahmadi alikasirika, naye leo hatakataa. Alimwambia, "Ulimtoa ndugu yangu kwa ajili ya watu usiowajua hata majina."

"Walikuwa wanakwenda kula, shemeji," akajibu. "Walishashika vikombe vya chai. Ningewapa wale?"

Wazee wakaondoka bila kunyoa mtu. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwita mjane mbele yake. Aliyejaribu alikuwa mke wangu, tena kwa huruma, na hawakusemezana wiki nzima.

Ugonjwa wake ulitokana na njia. Kila Ijumaa alishuka Morogoro kutazama wapagazi waliorudi, akisimama karibu na stesheni, anawachungulia usoni mmoja mmoja, na kuwauliza kuhusu mtu wa Mgeta mwenye mguu mfupi. Mwezi wa Julai, baridi ya milimani na manyunyu, alirudi amelowa mpaka mifupani. Nilimkataza. Nilipiga kelele hata. Akaniambia, "Wewe Benedikto, kelele zako zingemfikia Paulo zingenifaa." Mwisho wa mwezi kikamshika kichomi. Padre alifika kumpaka mafuta matakatifu Jumatatu. Homa ilipopanda alianza tena kukanda hewa, kama ile Ijumaa, na hakuna aliyeweza kuituliza mikono ile. Tekla, na mtoto huyu Mungu ambariki, alikwenda jikoni akachemsha maji, akakanda donge dogo, akamwekea kiganjani lingali la moto. Mikono ikatulia. Akalibonyeza, akafumbua macho, akasema, "Maji hayakutokota vizuri." Alifariki jana, Jumatano tarehe 9 Agosti 1916, asubuhi, katika nyumba ya mama.

Yabaki majina. Ameacha mabinti wawili, Veronika na Tekla. Ameacha mama yetu mzazi, ambaye hakuweza kufika hapa kaburini, na mimi mdogo wake. Ameacha wakwe, na shemeji yake Ahmadi. Ameacha rafiki yake Mwaisha, ambaye kwetu ni ndugu, na Leela, ambaye alituma sanda hii mliyoiona.

Jana shemeji Ahmadi aliniomba, kwa upole, nisome kwamba marehemu amemfuata mumewe, ili matanga ya wote wawili yawekwe pamoja na watoto wanyolewe mara moja, mambo yaishe. Nikamwita Salehe. Nikamuuliza kwa mara ya mwisho, mbele ya Ahmadi, kichwa cha Paulo kilikuwa juu au kimeinama. Salehe alilia. Sikupata jibu lingine.

Nimekaa na karatasi hii mpaka wino umenikaukia kwenye kalamu. Nikisoma kwamba amemfuata, nimemzika mtu ambaye hakuna aliyeuona mwili wake, tena juu ya kaburi la mke aliyekataa kumzika. Nikisoma kwamba ameacha mume, huenda ninasema uongo mbele ya Mungu na mbele ya watoto hawa, na watoto watarithi kusimama stesheni. Ninayaogopa yote mawili. Sijawahi kuogopa karatasi maishani mwangu.

Shemeji, nisamehe. Nimeandika hivi:

Rosa binti Pazi ameacha mume, Paulo wa Mgeta, aliye safarini.

Bwana ampe dada yangu raha ya milele, na mwanga wa daima umwangazie. Pumzika, Rosa. Kumngoja Paulo, tutamngoja sisi.